Klachi ya mafuta: gia zikigoma, giaboksi isiwe ya kwanza kushushwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nichangie yaliyoandikwa hivi karibuni katika ukurasa wenu wa magari, ambapo mwenye gari la zamani aliyelalamika kwamba gia zake zinagoma kuingia alishauriwa ashushe giaboksi na kufunga klachi pleti mpya, yaani bati la msuguano linalounganisha injini na giaboksi, kwa maelezo kwamba gari likishafikia umri huo klachi huwa imekwisha. Ushauri huo unaweza kuwa sahihi kwa magari fulani. Kwa gari ambalo klachi yake husukumwa na mafuta badala ya kuvutwa kwa waya, hata hivyo, ni ushauri unaoanzia mwisho, kwa sababu kushusha giaboksi ndiyo kazi ndefu na ya gharama kuliko zote, na kabla ya kuifikia yapo mambo kadhaa ambayo mtu makini anaweza kuyatazama kwa muda usiozidi saa moja bila kulegeza nati hata moja.

Nasema haya kama mtu aliyekwisha kuumia. Gari langu, ambalo sasa limevuka miaka 30, lilianza kukataa kuingia rivasi kila nilipokuwa nimesimama kwa muda na injini inanguruma. Nililipeleka gereji nikasema klachi imekwisha. Giaboksi ikashushwa, klachi pleti, presha pleti inayoibana na beringi yake vikabadilishwa, na nilipoonyeshwa pleti ya zamani niliona mwenyewe kwamba bado ilikuwa nene, lakini nilinyamaza kwa kuwa kazi ilikuwa imekwisha kufanyika. Wiki tatu baadaye rivasi ilianza tena kulia kama mwanzo. Kosa lilikuwa raba iliyochoka ndani ya silinda ya juu, kitu ambacho hakizidi ukubwa wa kifuniko cha chupa. Fundi simlaumu peke yake. Mimi ndiye niliyempelekea jina la ugonjwa badala ya dalili, naye akalitibu lile jina.

Mfumo wenyewe hauna mafumbo. Mguu unapokanyaga pedali, kijiti cha chuma husukuma pistoni ndani ya silinda ya juu, ambayo mafundi huiita masta. Pistoni hiyo husukuma mafuta kupitia bomba jembamba la chuma na kipande kifupi cha mpira hadi kwenye silinda ya chini, ambayo katika magari mengi ya zamani imefungwa nje, ubavuni mwa nyumba ya klachi. Nayo silinda ya chini husukuma uma, uma husukuma beringi, na beringi hubonyeza vidole vya presha pleti hadi klachi pleti inapoachana na flaiwili, gurudumu zito linalozunguka na injini. Wapo wanaoiita silinda ya chini masta ya chini, jina la kuchekesha kidogo kwa kifaa ambacho kazi yake yote ni kutii. Mnyororo huu mzima unategemea sifa moja ya mafuta, nayo ni kwamba hayakubali kubanwa yakapungua ujazo. Hewa inakubali, na hapo ndipo shida nyingi zinapoanzia.

Ili msomaji aone jinsi nafasi ilivyo finyu, tuchukue silinda ya juu yenye kipenyo cha milimita 15.87 na ya chini yenye milimita 19.05, vipimo ambavyo ni vya kawaida katika magari ya zamani. Pistoni ya juu ikisogea milimita 25, ya chini itasogea milimita 17 hivi, kwa sababu umbali hupungua kadiri eneo la silinda linavyoongezeka. Sasa, ikiwa milimita 5 za mwanzo wa safari ya juu zimepotea katika kubana kipovu cha hewa au katika pini ya pedali iliyolika, silinda ya chini inanyang'anywa karibu milimita tatu na nusu, na klachi pleti, ambayo hata katika hali njema huachana na flaiwili kwa upenyo usiofika milimita moja kila upande, haiachani nayo kabisa. Gari halijafa, limepungukiwa milimita chache tu. Lakini kwa dereva dalili ni ileile ya klachi iliyokufa.

Jambo la kwanza, basi, ni kutenganisha magonjwa mawili ambayo sote tumezoea kuyaita kwa jina moja. Kuna klachi inayoteleza, yaani injini inapanda mzunguko lakini gari haliongezi mwendo, hasa mlimani au linapobeba mzigo. Na kuna klachi isiyoachia, yaani umekanyaga pedali hadi mwisho lakini injini bado inazungusha giaboksi, na ndiyo maana gia zinalia au zinakataa kuingia. Klachi pleti iliyokwisha huleta ugonjwa wa kwanza. Aghalabu haileti wa pili. Mwenye gari aliyeandikiwa jibu katika gazeti lenu alieleza ugonjwa wa pili, akapewa dawa ya wa kwanza.

Kuthibitisha kwamba klachi haiachii hakuhitaji kifaa. Injini ikiwa imezimwa, gia zote ziingizwe moja baada ya nyingine; zikiingia kwa ulaini, giaboksi yenyewe kwa kiasi kikubwa haina hatia. Kisha, gari likiwa mahali pa tambarare, breki ya mkono imevutwa na hakuna mtu mbele wala nyuma, injini iwashwe, pedali ikanyagwe hadi mwisho, mtu ahesabu hadi kumi, halafu ndipo ajaribu rivasi. Rivasi huchaguliwa kwa sababu katika magari mengi ya zamani haina kifaa cha kulinganisha mizunguko kama zilivyo gia za mbele, hivyo haina pa kuficha kosa. Baada ya sekunde kumi shimoni ya giaboksi inapaswa kuwa imesimama, na gia iingie kimya. Ikilia, au gari likitaka kusogea ilhali pedali iko chini, klachi inaburuza.

Baada ya hapo tuiulize pedali yenyewe. Pedali inayozama hadi sakafuni bila upinzani wowote na kubaki huko ina habari tofauti na pedali laini inayopata nguvu ukiipiga mara tatu nne mfululizo. Ya kwanza mara nyingi inasema mafuta yamekwisha au raba imepasuka kabisa. Ya pili inasema kuna hewa ndani, au raba ya juu imeanza kushindwa. Pedali ngumu ya kawaida huku gia zikilia inasema jambo jingine, nalo nitaligusia mbele.

Kopo la mafuta linalolisha silinda ya juu nalo litazamwe kwa akili. Katika baadhi ya magari breki na klachi hunywa kutoka kopo moja, na tundu la klachi huwekwa juu zaidi ubavuni mwa kopo ili klachi ikivuja isimalize mafuta ya breki. Ni ubunifu wa busara, lakini humdanganya mtu asiyejua: anafungua kifuniko, anaona mafuta bado yapo, anafunga akiwa ameridhika, kumbe yamekwisha kushuka chini ya tundu la klachi na silinda inavuta hewa tupu. Na ikiwa yamepungua, kuongeza peke yake si matengenezo. Mfumo huu hauchomi mafuta. Yakipungua yamekwenda mahali, na mahali hapo panatafutika.

Pa kwanza pa kutafuta ni miguuni mwa dereva. Zulia liinuliwe juu ya pedali, kidole kipitishwe kwenye kijiti kinachoingia katika silinda ya juu. Kikitoka na unyevu, raba ya nyuma ya masta imeshindwa na mafuta yanashuka polepole ndani ya gari. Ukuta wa bati chini ya masta, upande wa injini, nao ni shahidi mzuri, kwa kuwa mafuta ya breki hubambua rangi: rangi iliyovimba na kunyauka mahali hapo imeandika historia ya miezi mingi. Halafu mtu ashuke chini ya gari, likiwa limeegemezwa juu ya stendi na si juu ya jeki peke yake, na akunje kidogo kifuniko cha mpira kilicho mdomoni mwa silinda ya chini. Kikimwaga mafuta, upelelezi umekwisha. Unyevu unaodondoka kutoka chini ya nyumba ya klachi unahitaji uangalifu zaidi, kwa maana unaweza kuwa mafuta ya injini au ya giaboksi. Tone moja litiwe katika kikombe cha maji: mafuta ya breki ya kawaida huyeyuka na kupotea ndani ya maji, ya injini na ya giaboksi huelea juu.

Sasa nije kwenye ugonjwa ulionigharimu mimi, kwa sababu ndio unaowapotosha wengi. Hauvuji popote. Kopo limejaa, zulia ni kavu, silinda ya chini ni kavu, na fundi akikaa kwenye kiti akapiga pedali kwa nguvu mara mbili tatu anasema haoni tatizo. Kinachotokea ni kwamba mdomo wa raba iliyo mbele ya pistoni ya juu umelika, na mafuta badala ya kwenda chini yanapenya kando yake na kurudi nyuma, ndani kwa ndani, hadi kwenye kopo yalikotoka. Hakuna tone linalopotea, ndiyo maana hakuna dalili ya kuona kwa macho. Tena raba ya aina hii imeumbwa kama kikombe, na shinikizo kubwa hutanua mdomo wake ukashikilia kuta za silinda. Kwa hiyo ukikanyaga kwa kasi na nguvu inaziba, ukikanyaga taratibu na kushikilia inapitisha. Dereva aliye kwenye foleni, mguu ukiwa umepumzika juu ya pedali iliyo chini, ndiye anayehisi gari likianza kutambaa lenyewe. Fundi mwenye haraka hawezi kulihisi hilo hata akipiga pedali mara mia.

Kipimo chake ni hiki. Mtu mmoja akanyage pedali taratibu na kuishikilia kwa nguvu ndogo isiyobadilika kwa dakika nzima, injini ikiwa imezimwa, na mwingine aweke rula kando ya kijiti cha silinda ya chini. Kijiti kikitoka na kusimama pale kilipofika, silinda ya juu ni nzima. Kikitoka, kisha kikaanza kurudi ndani milimita kwa milimita ilhali mguu haujainuka, na hakuna uvujaji wowote nje, raba ya juu ndiyo mkosaji. Kipimo hichohicho kina faida ya pili: kinatupatia tarakimu. Umbali uliosafirishwa na kijiti ulinganishwe na ule uliotajwa katika kitabu cha gari husika. Ukiwa kamili na bado gia zinalia, mafuta yameshatimiza wajibu wao na sasa, na sasa tu, tunaruhusiwa kushuku yaliyomo ndani ya nyumba ya klachi.

Anayetaka uhakika zaidi anaweza kufungua bomba kwenye mdomo wa silinda ya juu na kuuziba kwa bolti ya kuzibia yenye nyuzi zinazolingana. Hewa ikishatolewa, pedali iwe ngumu kama jiwe. Ikiendelea kuzama, kosa liko juu. Ikiwa ngumu, kosa liko chini ya hapo. Wapo wanaobana mpira kwa koleo ili kupata jibu hilohilo, lakini mpira wa miaka mingi ukibanwa hivyo huweza kupasuka ndani, na mtu akajiongezea ugonjwa wa pili alipokuwa akitafuta wa kwanza.

Mpira huo mfupi unastahili kutajwa peke yake, maana hudharauliwa. Ukizeeka kwa nje huvimba kila pedali inapokanyagwa, na uvimbe huo hula safari ile finyu niliyoieleza. Mtu mmoja akikanyaga na mwingine akiushika kwa mkono, uvimbe huhisiwa. Ukizeeka kwa ndani, tabaka lake hunyofoka na kuwa kama mlango unaofunguka upande mmoja: mguu wenye nguvu unapitisha mafuta kwenda chini, lakini springi ya klachi haiwezi kuyarudisha, na klachi inabaki imeachia nusu. Hapo gari linateleza, na kila mtu anaapa kwamba pleti imekwisha. Kabla ya kuapa, nipeli ya kutolea upepo kwenye silinda ya chini ilegezwe wakati gari liko katika hali hiyo ya kuteleza. Mafuta yakiruka kwa shinikizo na uma ukarudi mahali pake, pleti haina kosa. Kilichoziba ni mpira, au ni kijiti cha pedali kilichorekebishwa kikakosa ulegevu wake mdogo wa mwanzo, hivyo pistoni hairudi nyuma ya kutosha kufungua kitundu cha kopo, na mafuta yanapopata joto na kutanuka hayana pa kwenda.

Kuhusu yale yanayofanana na ugonjwa wa mafuta bila kuwa wa mafuta, nitasema machache. Gari lililolala muda mrefu, hasa penye unyevu, pleti yake huweza kushikwa na kutu kwenye flaiwili. Bati linaloshikilia pedali huweza kupata ufa, likajikunja badala ya kusukuma. Pini ya pedali hulika, uma hupinda. Yote haya huacha pedali ikiwa na nguvu ya kawaida, na mawili ya katikati huonekana kwa tochi tu.

Suala la mafuta lenyewe linanilazimu kusema jambo kuhusu lugha yetu. Tumezoea kuyaita mafuta ya breki, na jina hilo ndilo linalotuponza, kwa maana kimiminika hiki si mafuta kwa maana ya mafuta ya injini au ya kupikia. Kile chenye alama ya DOT 3, DOT 4 au DOT 5.1 kimetengenezwa kwa kemikali za jamii ya glikoli zinazoyeyuka ndani ya maji. Mtu anayesikia neno mafuta, akapungukiwa njiani, huona ni sawa kumimina mafuta ya injini, ya usukani au ya jeki. Raba za mfumo huu, zilizotengenezwa kwa ajili ya glikoli, zikiguswa na mafuta halisi huvimba na kulainika, na baada ya hapo hakuna kinachookoka: silinda ya juu, ya chini, mpira, na kama kopo ni la pamoja, breki nazo. Ukurasa wenu ulisema kwamba katika dharura mafuta yoyote mepesi yanaweza kufaa. Naomba sentensi hiyo irekebishwe hata kama mengine yote niliyoyaandika hayatachapishwa, kwa sababu hapo hatuzungumzii tena gia bali uhai wa watu. Yapo magari machache, yakiwemo baadhi ya Citroën za zamani, yaliyotengenezwa kutumia mafuta ya madini, nayo yakitiwa ya glikoli huharibika vilevile. Kwa hiyo kinachofuatwa ni maandishi ya kifuniko cha kopo na kitabu cha gari. DOT 5, licha ya namba yake kufanana na ndugu zake, ni ya silikoni na haichanganywi nao.

Glikoli hii hunyonya unyevu kutoka hewani. Viwango vinataka DOT 3 iliyo mpya isichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi 140. Klachi haipati joto la breki, hivyo madhara makubwa kwake si kuchemka bali kutu: maji hukaa chini ya silinda, huchimba vishimo kwenye kuta zake, na vishimo hivyo hukwaruza raba kila pedali inapokanyagwa. Mafuta yaliyotolewa yakiwa meusi kama kahawa yana chembe za raba na kutu ndani yake. Kubadilisha kila baada ya miaka miwili au mitatu ni kazi ndogo.

Kwenye matengenezo, swali ambalo kila mtu huuliza ni kama afunge raba mpya au anunue silinda nzima. Jibu liko ndani ya silinda, na halijulikani kabla ya kuifungua, kuiosha kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe, kamwe si kwa petroli wala dizeli, na kuitazama kwa mwanga. Kuta zikiwa laini kama kioo, raba mpya zitadumu. Ukucha ukikwama kwenye kishimo au mchubuko, raba mpya zitakufa mapema kama zilivyokufa za zamani. Baadhi ya mafundi husugua kuta kwa msasa hadi vishimo vipotee. Katika silinda ya alumini usuguaji huo huondoa ngozi ngumu iliyowekwa kiwandani, na katika yoyote ile hupanua kipenyo ambacho raba ilikatwa kulingana nacho. Mimi kwa silinda yenye vishimo nanunua nyingine, na ninahakikisha kipenyo kilichoandikwa ubavuni mwake ni kilekile, kwa sababu hesabu niliyoitoa hapo juu huharibika mara moja ukifunga silinda ya chini iliyo pana kuliko ya asili: pedali inakuwa laini na ya kupendeza, na klachi haiachii.

Silinda hizi mbili zimezeeka pamoja, na ni vyema zitengenezwe pamoja na mpira wao. Ya juu ikifanywa mpya, inasukuma kwa nguvu ambayo ya chini haijaionja kwa miaka, na pistoni ya chini inafika sehemu ya silinda yenye kutu ambayo raba haikuwa ikiigusa tena. Uvujaji wa siku chache baadaye si bahati mbaya.

Inabaki kutoa upepo, na hapa ndipo watu waliofanya kila kitu sawasawa hukata tamaa. Njia ya kawaida ya watu wawili inajulikana: mmoja anakanyaga pedali taratibu, mwingine anafungua nipeli ya chini, mafuta na vipovu vinatoka kupitia mrija uliozama ndani ya chupa yenye mafuta kiasi, nipeli inafungwa kabla pedali haijainuliwa, na kopo linajazwa kabla halijakauka. Pedali mara nyingi itabaki chini, lazima iinuliwe kwa mkono. Lakini bomba la klachi katika magari mengi lina kona inayopanda kabla ya kushuka, na hewa hupenda kukaa kileleni mwa kona hiyo. Safari fupi ya silinda ya juu haitoshi kuifukuza, inaisukuma mbele kidogo kisha inarudi ilikokuwa. Tiba yake ni kuisaidia ielekee inakotaka, yaani juu. Bomba la sindano kubwa lililojazwa mafuta safi huunganishwa kwa mrija na nipeli ya silinda ya chini, nipeli ikafunguliwa, na mafuta yakasukumwa polepole kutoka chini hadi vipovu vitokeze ndani ya kopo, huku mtu akichunga kopo lisifurike na kumwagikia rangi. Yakimwagika, maji mengi mara moja huokoa rangi.

Njia hiyo isipofaulu, mambo mawili yatazamwe. La kwanza ni mkao wa silinda ya chini: nipeli lazima iwe juu ya tundu la mafuta, na zipo silinda zinazoweza kufungwa kinyume, nipeli ikawa chini, hali ambayo mtu anaweza kutoa upepo hadi jua lizame na hewa isitoke. La pili ni springi iliyo ndani ya silinda ya chini, ambayo husukuma pistoni nje na kuacha chumba kikubwa nyuma yake. Pistoni irudishwe ndani hadi mwisho na kushikiliwa hapo wakati wa kazi, chumba kikose nafasi ya kuficha hewa. Nipeli ikazwe kwa kiasi. Ni kitu kidogo chenye tundu katikati, na ikikatikia ndani ya silinda ya zamani jioni nzima imepotea.

Nakiri kwamba yapo magari, hasa ya kizazi cha baadaye kidogo, ambayo silinda yake ya chini ina umbo la pete na imekaa ndani ya nyumba ya klachi, ikizunguka shimoni ya giaboksi. Kwa hayo, silinda ikivuja, giaboksi lazima ishuke, na kwa kuwa imeshashuka ni busara kubadilisha silinda, klachi pleti na presha pleti kwa mkupuo mmoja hata kama pleti ina uhai bado. Lakini hata hapo silinda ya juu, kopo na bomba viko nje, na vinapimwa kwanza. Mwandishi wenu akirejea mada hii, naomba aanze kwa kumuuliza mwenye gari silinda yake ya chini iko wapi, pedali inafanyaje ikishikiliwa kwa dakika moja, na zulia lake ni kavu au limelowa.

Wako,
Msomaji mwenye gari la zamani